"Chochote" si jibu

Jumamosi, saa mbili na nusu usiku. Mimi na mume wangu tumesimama chini ya taa ya barabarani, katika mji ambao tulipanda basi kuufuata kwa sababu moja tu: kula. Kila mmoja ana simu mkononi. Namuuliza anataka nini. "Chochote, mke wangu, chagua wewe." Nataja mahali. Anakunja paji la uso kidogo tu, lakini ukishaishi na mtu miaka kadhaa, mkunjo ule unausoma kama bango. Nataja pengine. "Mh, mbali pale." Pa tatu pana nyota nne na nusu mtandaoni, ila kuna mteja mmoja aliyelalamikia supu, na mume wangu, ambaye hata hakuwa na mpango wa kunywa supu, anamwamini huyo mmoja kuliko mamia waliosifu.

Saa tatu na robo tukaingia mahali ambapo kati yetu hakuna aliyepataka. Palikuwa karibu, palikuwa na viti, na hakuna aliyebakiwa na nguvu ya kupakataa. Samaki akaja mkavu. Mimi nikanuna. Yeye akasema, "Si umechagua wewe?" Mlo mmoja, kati ya michache tuliyokuwa nayo wikendi ile, ukawa umepotea hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: watu wawili wakisafiri kwenda kula, wasikubaliane. Wagawane. Mlo huu ni wako, ule ni wangu, na mwenye mlo hapingwi. Najua ushauri wa ndoa wa kila siku unasema mketi mzungumze mpaka mwafikiane, na kwa mambo ya kodi ya nyumba na shule za watoto sina ubishi. Lakini mkiwafikiana kuhusu mgahawa mnapata mahali ambapo hakuna anayepachukia, na hapo ni mbali sana na mahali ambapo kuna anayepamezea mate.

Kwanza hesabu, maana wengi wanaondoka nyumbani bila kuifanya. Ukifika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana, una milo sita. Inaonekana mingi. Sasa toa vifungua kinywa viwili, inabaki minne. Kisha kumbuka kwamba tumbo huchukua takriban saa nne kukimaliza chakula kingi, na zaidi kama kina mafuta mengi. Chakula cha mchana cha kukaa vizuri, na kitindamlo chake na maongezi yake, kinaisha saa tisa alasiri. Ukiwa umeweka meza nyingine saa moja usiku, unaenda kuketi mbele ya kazi ya mpishi ukiwa bado umebeba kazi ya mpishi mwingine. Hapo huli, unatia saini mahudhurio. Kwa hiyo sisi siku hizi tunahesabu mitatu: mmoja wake, mmoja wangu, na mmoja wa njaa yenyewe, yaani haupangwi, tunakula tutakapojikuta. Huo wa njaa mara nyingi ni kitu cha kushika mkononi, umesimama, na usishangae ukiwa ndio mtamu kuliko yote.

Kuhusu kifungua kinywa cha hoteli kilichoingizwa kwenye bei ya chumba, nina chuki nacho ya wazi. Kile ni mtego. Mume wangu, mtu mzima mwenye akili timamu, nimemshuhudia akirudi kujaza sahani ya tatu ya mayai na soseji kwa hoja kwamba "tumeshalipia". Saa sita mchana, kwenye mgahawa aliouwinda yeye mwenyewe kwa wiki mbili, alikuwa anasukuma chakula pembeni kwa uma kama mtoto. Chumba kisicho na kifungua kinywa ndicho chumba cha mlaji.

Nikiambiwa kanuni yangu ya kugawana ni ya ubinafsi, huwa nawakumbusha watu mgahawa ulitoka wapi. Kabla ya kuwapo kwake, msafiri Ulaya alikula kwenye nyumba ya wageni: saa maalumu, meza moja ndefu na watu asiowajua, na kinachowekwa mezani ndicho hicho. Katika karne ya 18, miaka ya 1760 hivi, wakaanza kutokea Paris watu waliouza mchuzi mzito wa nyama kwa ajili ya waliodhoofika. Mchuzi huo uliitwa *restaurant*, yaani kitu cha kurudisha nguvu, na jina likahama kutoka kwenye bakuli likalivaa jengo. Jipya hasa lilikuwa utaratibu, kuliko hata huo mchuzi: meza ndogo ya peke yako, orodha iliyoandikwa, bei kando ya kila kitu, na kuja saa unayotaka wewe. Brillat-Savarin, hakimu wa Kifaransa aliyekuwa mlaji kweli kweli, mwaka 1825 bado alikuwa akiusifia mgahawa kwa mambo hayo hayo, kwamba unakula saa inayokufaa na unajua mapema utatumia kiasi gani. Kumbe basi mgahawa ulijitenga na meza ile ndefu kwa kumpa mtu mmoja nafasi ya kuchagua chake. Halafu wawili wanaopendana wanasimama mlangoni na kuanza kupiga kura!

Na hili la kusafiri kwa ajili ya kula tusilichukulie kama uvumbuzi wa vijana wa simu. Waliolieneza ni wauza matairi. Mwaka 1900 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walitoa kitabu cha bure kwa wenye magari, wakati Ufaransa nzima ilikuwa na magari yasiyofika 3,000. Ndani yake mlikuwa na ramani, mafundi, namna ya kubadilisha tairi, hoteli. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: watu wakitembea sana, matairi yanaisha. Nyota za migahawa zilikuja mwaka 1926, ngazi ya nyota mbili na tatu mwaka 1931, na maana zake bado ni maana za barabarani: nyota moja, panastahili kusimama, mbili, panastahili kuiacha njia yako, tatu, panastahili kufungiwa safari. Mimi naupenda mpangilio huo kuliko zile nyota tano za simuni, kwa sababu unauliza swali ambalo wawili safarini wanapaswa kujiuliza: hapa tungepafuata, au tunaingia tu kwa kuwa tunapita? Mahali pa "tunapita" pasiwekewe meza mwezi mzima kabla. Pa kufuatwa pawe mahali pamoja tu kwa kila safari, na pakiwezekana pawe pa mchana. Migahawa mingi mikubwa hutoza mchana pungufu ya usiku, jiko ni lile lile, na bado unabaki na jioni nzima ya kutembea.

Sasa, kugawana milo hakumaanishi kila mtu ale kivyake. Mezani tunashirikiana sana, na hapo ndipo wawili wanapomshinda msafiri wa peke yake. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jambo ambalo kila mlaji analijua ulimini: utamu wa chakula unachoendelea kula hushuka haraka, lakini wa kile ambacho hujakigusa haushuki hivyo. Ndiyo maana mtu aliyeshiba mpaka shingoni humpokea mhudumu wa kitindamlo kwa tabasamu. Basi, wawili wakiagiza sahani mbili tofauti na kubadilishana katikati, kila mmoja anaruka ukingo ule wa kuchoka. Wakiagiza kitu kimoja wote, wamelipa mara mbili kuonja mara moja. Kwetu kuagiza sawa ni marufuku.

Kuna namna ya kubadilishana, lakini. Ile ya kuchomoana uma juu ya glasi, tone la mchuzi likaangukia kitambaa cha meza, siipendi. Mwombe mhudumu alete sahani moja kwanza, muile wote ikiwa ya moto, ndipo ije ya pili. Wengi hawalioni hilo kuwa usumbufu. Utaratibu wa vyakula kuja kimoja kimoja ulienea Ulaya Magharibi katika karne ya 19, na Wafaransa waliuita huduma ya Kirusi. Kabla yake vingi viliwekwa mezani kwa pamoja, na mwisho wa meza mtu alikula cha baridi.

Jaribio la kweli la kanuni yangu lilikuja mlo wa mume wangu ulipotua mahali ambapo mimi, kama ningeulizwa, ningepapiga chini bila kufikiri. Chumba chembamba, kelele, hakuna meza, viti virefu vimepangwa kwenye kaunta inayotazama jikoni. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri na nilitaka mahali penye pazia. Nikapanda kiti changu shingo upande. Mbele yangu, umbali wa mkono, alikuwa mpishi kijana mwenye kovu la moto kwenye kiwiko. Ana kopo la maji lenye vijiko vidogo. Anachota, anaonja, anakitupa kijiko, anachukua kingine. Nilijaribu kuvihesabu nikaachia kwenye kumi na nne. Juu yake vikaratasi vya oda vimebanwa mstari mmoja, na kila kipya kinaposomwa kwa sauti, jiko zima linaitikia kwa pamoja, kisha kimya kinarudi, unasikia mafuta tu. Aliweka biringanya moja kwa moja juu ya moto mpaka ganda likawa jeusi tii, nikadhani ameiunguza. Akaichuna kwa vidole, akaipasua, akamimina kitu cha ndimu na chumvi, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, akanisukumia. Mume wangu hakusema neno. Alikuwa ananitazama mimi, si chakula. Ukiniuliza leo safari ile ilikuwa na nini, nitakutajia biringanya ile na macho yale, na vyote viwili kura yangu ingeviua.

Pesa? Jambo fupi. Kiasi cha kila mlo tunakipanga nyumbani, na mwenye mlo anatawala ndani ya kiasi hicho. Bili ikija haijadiliwi mezani.

Kanuni ina ukali wake pia, maana inakulazimisha kufunga mdomo mwenzako anapokosea, mpaka mtoke nje. Na kukosea kupo. Mlo wangu wa mwisho ulikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa nimeutangaza safari nzima, nimeonyesha picha, nimemkataza asile chochote asubuhi. Tulitembea na mabegi yetu karibu nusu saa juani. Mlango ulikuwa umefungwa. Jiko lao hupumzika Jumapili, na tangazo la kusema hivyo lilikuwa limebandikwa hapo kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma. Mume wangu alilisoma, akanitazama, akalisoma tena. Hakusema kitu. Nilimwona anavyotaabika, mashavu yamejaa kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

Stendi tulinunua mkate na jibini, tukaketi kwenye benchi, mabegi katikati. Akaukata kwa mkono, nusu yangu ikatoka kubwa kuliko yake. Alisubiri mpaka basi lilipovuka taa za mwisho za mji ndipo akacheka, akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka.