Faiba Haina Kosa, Ng'oeni Hizo Springi

"Bosi, faiba ni ya maonyesho tu. Rudisha chuma." Maneno hayo, juu ya boneti ya gari ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya rezini, nimeyasikia kwenye gereji moja ya Nyakato, Mwanza, na tangu siku hiyo nina hasira nayo.

Aliyeambiwa ni jamaa yangu wa Geita, mtu wa dhahabu, mwenye Camaro ya 1969, gari la Kimarekani. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, haishi visingizio vya kuja Mwanza. Boneti ya faiba aliiagiza Marekani, ikakaa baharini, ikakaa bandarini (habari za ushuru tuziache, sitaki kuandika matusi), hatimaye ikafika haina hata mkwaruzo. Ilifungwa asubuhi. Jioni ina nyufa mbili, mmoja kila pembe ya nyuma, zote zimeanzia kwenye bolti za bawaba. Fundi akasimama hapo, mikono kiunoni, akailaumu faiba.

Mafundi wetu nawaheshimu. Wengi wananyoosha bodi kwa nyundo na macho tu, ukipeleka gari lililobondeka unarudishiwa gari. Lakini hili la springi linanishinda.

Bawaba za magari yale ni za mkasi, na kila moja imefungiwa springi nene. Kiwandani springi hizo zilipimwa kubeba boneti ya chuma, kilo 20 na ushee, isimame juu bila kushikiliwa na kitu. Sasa wewe umetoa chuma, umeweka faiba ambayo huenda haifiki hata nusu ya uzito ule, halafu umeacha springi zilezile. Nguvu iliyozidi unadhani imekwenda kunywa chai? Iko palepale. Ukishafunga boneti, mbele imeshikwa na loki, nyuma springi zinasukuma juu, mchana na usiku, gari likitembea na likiwa limelala. Boneti ya chuma ina mgongo wa kustahimili hayo. Ya faiba inabinuka katikati, nyuma inanyanyuka karibu na kioo, na mwisho inapasuka pale ilipobanwa na bolti. Ingepasukia wapi kwingine?

Na ufungaji wenyewe! Kijana wa pale aliona nyuma inakataa kushuka. Badala ya kujiuliza kwa nini, akaweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa mbele kabisa, akaegemeza uzito wa mwili mzima. Nilikuwa natazama kivuli cha taa ya dari kwenye rangi: mstari ulionyooka ukajikunja taratibu, ukawa upinde. Nikapiga kelele, "Mdogo wangu, acha!" Akanitazama kama nimemwingilia kwake. Akasukuma tena. Sauti iliyotoka sihitaji kuieleza kwa mtu aliyewahi kulipia rangi.

Hao wanaosema faiba ni ya maonyesho, nawakumbusha kwamba Corvette ina bodi ya namna hiyo tangu 1953. Na kuna jambo zuri zaidi. Mwaka 1969 Plymouth Road Runner na Dodge Super Bee zilitoka kiwandani, zile za injini ya inchi za ujazo 440 yenye kabureta tatu, zikiwa na boneti ya faiba isiyo na bawaba kabisa. Pini nne, moja kila kona. Ukitaka kuona injini unaita mwenzako, mnachomoa pini, mnainyanyua boneti nzima mnaiegemeza ukutani. Kiwanda kilikuwa na springi za kumwaga, na bado hakikuifunga hata moja pale. Sisi wa Nyakato tunajua zaidi.

Sisemi kila mtu aende na pini nne. Mtu anayetembea peke yake, akipatwa na tatizo Usagara usiku, atamwita nani amshikie boneti? Bawaba ziache. Toa springi, weka fimbo ya kuishikilia boneti ikiwa wazi. Basi.

Hapo ndipo ubishi unapoanza, kwa sababu fimbo inaonekana ya kimaskini. Jamaa yangu mwenyewe alisema, "Yaani gari kama hili niliwekee fimbo kama IST?" Ndiyo, kama IST. Gari ngapi hapa mjini zinafunguliwa boneti kila siku kwa fimbo, na nani amelia? Ila fimbo yenyewe iwekwe kwa akili. Ncha yake isiegemee ganda tupu la faiba. Iingie kwenye tundu lililowekewa kipande cha alumini kwa chini, na iwe na kipini cha kuifunga. Mchana upepo wa ziwa ukianza kuingia, boneti nyepesi inanyanyuka yenyewe, fimbo inadondoka, na upepo ukiiachia kitakachofuata ni kichwa chako.

Shokapu za gesi? Haya, nakubali zinapendeza, na zikichaguliwa vizuri zinafanya kazi. Zikichaguliwa vizuri. Nguvu yake imeandikwa kwenye bomba kwa nyutoni, soma. Nimeona mtu amefunga zilizotolewa mlango wa nyuma wa Noah, mlango mzito wenye kioo, akaziweka kwenye faiba. Huyo hajatibu ugonjwa, ameuhamisha.

Na nyufa zikishatokea msikimbilie kupiga puti na rangi juu. Jamaa yangu nilimpeleka Igombe kwa mzee mmoja anayetengeneza boti. Mzee hakugusa chombo chochote kwanza. Alikunja kidole akawa anagonga boneti, ko, ko, ko, kutoka katikati kwenda pembeni, sikio likiwa karibu kabisa. Alipokaribia bolti sauti ikabadilika, ikawa butu. "Hapa matabaka yameachana, mwanangu. Ufa unaouona ni mdogo kuliko ugonjwa." Akachora duara kwa chaki, pana kuliko nilivyotegemea. Akaigeuza, akasugua kwa chini mpaka nyuzi zikaonekana, akaweka mkeka mpya wa nyuzi na rezini, na ndani yake akazamisha bamba la alumini ili bolti zisishike faiba peke yake. Hajawahi kufungua Camaro maishani mwake. Tuna watu wanaoijua faiba kwa kuisikiliza, wako hapo ziwani, na sisi tunabishana na fundi anayetaka turudishe chuma.

Hata ukiacha bawaba, pini mbili za mbele ni lazima, loki peke yake usiiamini ukiwa mwendo kasi.

Kwenye kuzitoa springi: fungua boneti kwanza, maana hapo zimelegea kidogo, ila bado zina nguvu ya kukuvunja kidole. Mtu mwingine aishike boneti muda wote, kwa sababu springi ya mwisho ikitoka hakuna tena kinachoizuia kuanguka. Halafu usiziuze kwa wa chuma chakavu. Zipake grisi, zifunge kwenye gunia pamoja na boneti ya zamani. Siku ukiliuza gari, mnunuzi anayejua ataziulizia kabla hata hajaulizia injini.