Swali la dbconfig-common: ndiyo au hapana?

Ukisakinisha phpMyAdmin (ya kusimamia hifadhidata) au Roundcube (ya barua pepe) kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kabla kazi haijaisha unaulizwa: unataka dbconfig-common, programu-saidizi, ikuandalie hifadhidata? Mafundi wa Dar wanagawanyika hapo. Wapo wanaobonyeza ndiyo bila kusoma, na wapo wanaoona ni uvivu.

Hao wa ndiyo wana hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Ukikubali, hifadhidata inaundwa na mtumiaji wake anaundwa. Ukiacha nafasi ya nywila wazi, inatungwa nywila ya nasibu na kuhifadhiwa kwenye faili ndani ya /etc/dbconfig-common. Linganisha na hali ya ofisi nyingi za Kariakoo, ambako nywila ni jina la duka na mwaka, na kila programu inaingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote! Toleo jipya likija, majedwali yanarekebishwa humohumo, na nakala ya data ya zamani inawekwa kwanza kwenye /var/cache/dbconfig-common/backups. Fundi wa kuitwa kwa simu, anayepita akikumbukwa, hilo hafanyi.

Wa hapana nao hawajakosea. Kwa kawaida mfumo huu huchukulia kwamba data iko kwenye mashine hiyohiyo. Kampuni yenye seva ya data pembeni itajikuta na hifadhidata tupu isiyotumiwa na mtu. Umeme nao ukikatika katikati, programu inabaki nusunusu mpaka uandike amri dpkg --configure -a ya kukamilisha usakinishaji.

PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata zenyewe, ndiyo inayotisha watu zaidi. Debian huiwasha mara tu inapomaliza kusakinisha, wakati Fedora, Linux nyingine, inakusubiri kwanza uandike amri postgresql-setup --initdb ya kuiandaa. Ukiongeza toleo jipya huku la zamani lipo, Debian huunda hifadhi nyingine tupu kwenye bandari (namba ya mlango wa kuunganishia) 5433, na ya zamani hubaki 5432. Anayefungua hiyo mpya anaona patupu, anapiga kelele kwamba mauzo ya mwaka yamepotea. Hayajapotea. Yanasubiri pg_upgradecluster, amri ya kuyahamishia kwenye toleo jipya.

Kwa duka lenye kompyuta moja, mimi nasema ndiyo, mradi nakala nyingine ikae nje ya kompyuta hiyo. Penye seva ya data ya pembeni, jibu hapana na uandike skripti yako. Aliyechoka kuulizwa asakinishe dbconfig-no-thanks, kifurushi cha kuzima swali hilo, na aliyejibu vibaya bado ana dpkg-reconfigure, amri ya kuulizwa upya.