Kezilahabi: mshairi wa kijiji ambaye kijiji hakimwimbi

Ukitaka kuzusha ubishi kati ya wapenzi wa ushairi wa Kiswahili, mtaje Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akafariki Januari 2020, akatuachia diwani tatu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), mbali na riwaya. Kiini cha ubishi kinajulikana: mashairi yake hayafuati vina wala mizani. Kichomi huhesabiwa kuwa diwani ya kwanza ya mashairi huru kwa Kiswahili, na hadi leo wapo wanaokataa katakata kuyaita mashairi.

Mimi kinachonikera ni swali la pembeni kidogo. Huyu alikuwa mtoto wa kijiji, na kijiji hakikumtoka kalamuni hata alipokuwa mhadhiri. Sasa kijiji kimepata nini kutoka kwake?

Kwamba kijiji kimo ndani ya kazi zake, hilo halina mjadala. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971 iliyowahi kuzuiwa mashuleni, inaanzia Namagondo penyewe, kwa jina lake halisi. Katika mashairi, ardhi ile hujitokeza bila kutajwa. Chukua "Upepo wa Wakati" lililomo Kichomi: mawimbi yanapiga ukingo, miamba inachongwa. Ufukwe ule unaweza kuwa wa popote, ila aliyefika Ukerewe akaona mawe yake yalivyosimama kando ya Ziwa Victoria atakuwa na lake la kusema. Kinachonivutia ni kwamba Kezilahabi hayasifii mandhari. Hakuna kwake ile tabia ya kuupamba uzuri wa shamba ili mtu wa mjini aone wivu. Jiwe na maji vipo ili afikirie wakati, maumivu na kifo.

Wanaomtetea husema mambo mawili. La kwanza alilisema mwenyewe katika utangulizi wa Kichomi: alitaka ushairi uandikwe kwa lugha ambayo watu huitumia kila siku wanapozungumza. Ni hoja nzito. Mkulima wa bara akisoma shairi la kimapokeo lililojaa msamiati wa kale wa Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, hukwama ubeti wa kwanza tu. La pili liliendelezwa zaidi na wenzake, hasa M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi: kwamba ushairi simulizi wa makabila mengi ya Kibantu haukuhitaji vina. Mulokozi alizichunguza tendi za enanga za Wahaya, ng'ambo ya ziwa, zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi na kubebwa na mapigo ya ala na pumzi ya mwimbaji. Ukiitazama hivyo, Kezilahabi hakuleta ugeni wowote, alirudi nyumbani.

Upande wa pili nao hauna hoja nyepesi, ingawa mara nyingi watetezi wake wenyewe huiharibu kwa hasira. Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi, na wengi walizishika kama msahafu. Lakini ukiacha suala la sheria, hoja yao yenye nguvu ni ya kumbukumbu. Ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, unakaa kichwani. Asiyejua kusoma anaushika akiusikia mara mbili tatu, kwa sababu kina kinamdokezea neno linalofuata. Shairi huru linahitaji karatasi. Na kijijini miaka ya 1970, karatasi ilikuwa wapi?

Hapa nitaje jambo ambalo mgogoro huu umekuwa ukilipita. Tumezoea kuusimulia kama vita vya Pwani na Bara: vina ni vya Waswahili wa mwambao na athari za Kiarabu, mashairi huru ni ya watu wa bara. Hebu waangalie walinzi wa vina wenyewe. Amri Abedi ni mtu wa Ujiji. Saadani Kandoro vilevile, Ujiji. Mathias Mnyampala ni Mgogo wa Dodoma. Vijana wa bara waliipenda mizani, wakaichukua, wakaifanya yao. Ramani ya Pwani na Bara haituelezi chochote hapo.

Na ni Mnyampala aliyezaa ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera ilisambaa nchi nzima: watoto wa shule wakisimama wawili wawili mbele ya mgeni rasmi, mmoja anauliza, mwingine anajibu, wazazi wanapiga makofi. Kwa hiyo ushairi tuliouita wa mwambao ndio ulioingia kijijini na kukaa midomoni mwa watu. Ule uliotoka kijijini, wa Kezilahabi, ukabaki Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinaya hiki sijakiona kikijibiwa sawasawa na upande wowote.

Wapenzi wa vina wasishangilie haraka, lakini. Ngonjera zilibeba nini? Kwa sehemu kubwa zilibeba kauli za juu kuja chini: lima, soma, shiriki. Serikali ilipoagiza mwaka 1973 kwamba wananchi wote wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa 1976, na watu wengine wakahamishwa kwa nguvu, ngonjera haikuwa chombo cha kuhoji. Kezilahabi alihoji. Riwaya yake Gamba la Nyoka (1979) inaeleza uhamishaji huo kwa namna ambayo mtoto wa shule asingeweza kuikariri mbele ya mkuu wa wilaya. Ngonjera ilisema na kijiji, Kezilahabi akasema yale ambayo kijiji kilikuwa kimeyameza. Ikinibidi kuchagua ni ipi kati ya kazi hizo inayokijua kijiji zaidi, namchagua yeye bila kusita.

Namlaumu kwa jambo moja hata hivyo. Lugha yake ni ya kawaida, mawazo yake si ya kawaida hata kidogo. Shairi lake "Kisu Mkononi" halina neno gumu, lakini mtu anayeutazama uhai wake mwenyewe kwa jicho lile ametoka kwenye udhanaishi wa vitabuni, falsafa ya mtu kujiuliza maana ya kuwapo kwake, kuliko kwenye baraza la wazee. Ahadi ya utangulizi wake ilitimia nusu. Aniceti Kitereza, Mkerewe mwenzake, alichagua njia nyingine: riwaya yake kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, Kezilahabi akiwa bado mtoto mchanga. Ikachapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Kwa hiyo hata kuandika kwa lugha ya kijiji hakukumfikisha mtu kijijini.

Ndiyo maana nadhani lawama nyingi tunazoitupia fani zinastahili kuelekezwa kwenye usambazaji. Ngonjera ilikuwa na walimu, shule na chama vya kuibeba. Kichomi ilichapishwa na Heinemann, Nairobi, na miaka mitatu baadaye mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Shairi huru halikuwahi kupewa mwalimu wa kulisoma kwa sauti chini ya mwembe, likasikilizwa, likakataliwa au kukubaliwa na wenyewe. Waliolihukumu kwa niaba ya wanakijiji walikuwa wahadhiri na malenga wa magazetini, na hukumu hiyo tunaendelea kuinukuu kana kwamba Namagondo ilipiga kura.