Mbele ya sindano ya homa ya ini, adabu iwe na kiasi

Mtu wa kwetu Pemba akiingia chumba cha sindano hutoa salamu, hukaa, hupigwa, akaondoka. Hakuuliza kitu, kwani kumhoji daktari ni utovu wa adabu. Kwenye chanjo ya homa ya ini aina ya B, adabu hii mimi siikubali.

Kwanza omba upimwe damu. Watoto wetu huipata chanjo hii ndani ya sindano za wiki ya 6, 10 na 14, lakini sisi watu wazima wengi hatukuikuta, na kirusi hukaa mwilini miaka bila dalili. Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Haimdhuru, ila atarudi nyumbani akijiona salama, kumbe alihitaji kliniki, na mkewe na wanawe wapimwe.

Uliza pia imehifadhiwaje. Tunahofia umeme kukatika, na nani atatulaumu baada ya ile miezi mitatu ya kiza Unguja, mwisho wa 2009 hadi mapema 2010? Lakini chanjo hii, ambayo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, adui wake mkubwa ni kuganda. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Na bomba la sindano lifunguliwe pakiti mbele yako.

Halafu mkono, kina mama wenzangu. Mtu mzima huchomwa kwenye msuli wa juu ya mkono, chini kidogo ya bega. Takoni kuna mafuta, kinga inaweza kuwa hafifu. Baibui likibana mkono, usiseme "basi nipige huku nyuma". Omba pazia lifungwe, omba nesi wa kike, toa mkono mmoja. Stara yako ipo pale pale.

Kama hamira inakudhuru vibaya, au uliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya chanjo, sema kabla. Chanjo hii hutengenezwa kwa kutumia hamira. Ukiwa na homa kali, ngoja upoe. Mafua madogo si kizuizi, wala mimba.

Ukishachomwa, kaa benchini robo saa. Haya ya "gari litaniacha" siyataki: mzio mkali ni nadra, lakini ukikukuta uwe karibu na mwenye dawa, si ndani ya daladala ya Wete.

Sindano kwa kawaida ni tatu: ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukichelewa huanzi upya, chukua kadi yako ukamalizie.