Kiunzi kimoja, kazi mbili: dawa na picha

Kiunzi cha metali na ogani hufumwa kwa ayoni za metali zilizoshikanishwa na molekuli za kaboni, na katikati hubaki vijitundu. Chembe yake ya nanomita 100 hivi hubeba dawa ndani ya vijitundu hivyo, na metali kama chuma au gadolini huonekana kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Ndiyo maana husifiwa kwa kufanya kazi mbili kwa mpigo. Kwa ubebaji sifa hiyo ni halali. Kwa kazi mbili pamoja, ina walakini.

Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba MIL-100, kiunzi cha chuma, hubeba busulfani, dawa ya saratani ya damu, hadi asilimia 25 ya uzito. Liposomu, yaani vifuko vidogo vya mafuta vya kubebea dawa, hubeba asilimia 0.4 hivi. Ila takwimu za namna hii huharibika kirahisi maabara. Vijitundu hukaushwa kwa joto na ombwe, chembe hulowekwa kwenye dawa, huzungushwa kwa mashine hadi zitulie chini, kisha maji ya juu hupimwa. Asiyepima na maji ya kusuuzia huhesabu dawa iliyokwisha kumwagika kana kwamba imo. Asiyesuuza kabisa hubaki na dawa iliyoganda nje ya chembe, nayo hutoka kwa kishindo mwanzoni.

Mtego mkubwa zaidi ni fosfeti. Hiyo hung'ang'ania chuma kuliko kaboksileti, sehemu ya molekuli za kaboni inayoshika metali, inavyoweza, hivyo kiunzi hulegea na kubomoka. Bafa ya PBS, maji ya chumvi ya maabara, ina milimola 10 hivi za fosfeti kwa lita. Damu ina kama 1. Jaribio la maji matupu huonyesha kiunzi imara ajabu, na peke yake halifai kitu. Lakini kubomoka si hasara tupu: figo hazipitishi chembe zinazozidi nanomita 6 hivi, na kisichobomoka hurundikana kwenye ini na wengu.

Hapo ndipo kazi mbili zinapogombana. Picha inataka kiunzi kizima, dawa inataka kibomoke. Kikibomoka, metali hushika njia yake na dawa yake, na picha haisemi tena dawa iko wapi. Dozi nazo hazilingani: gadolini ya MRI hutolewa milimola 0.1 kwa kilo, yaani gramu 1.1 kwa mtu wa kilo 70, ilhali dawa nyingi za saratani hupimwa kwa miligramu. Isitoshe, gadolini iliyo huru ni sumu. Chuma kina nafuu, ila kwenye picha hutia weusi, na weusi huo huletwa pia na damu iliyovuja au hewa.

RiMO-301, kiunzi cha metali ya hafni, kimefika kwenye majaribio ya wagonjwa. Hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe ili kuzidisha athari za mionzi, kwa hiyo hakina safari ndefu ya damuni.