Rambirambi za Marehemu Aliyekwenda Kariakoo

Kwenye filamu kuna mtu anaitwa wa kontinyuiti. Ndiye anayeangalia kwamba baba aliyeshika kikombe kwa mkono wa kushoto, kamera ikihamia upande wa pili, asikutwe amekishika kwa mkono wa kulia, na kofia aliyoingia nayo mlangoni isipotee kabla hajafika kwenye kochi. Mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo, na vifaa vyake vilikuwa kaunta buku, kalamu ya bluu, kiti na meza ndogo chini ya turubai. Hiyo meza ndiyo iliyoleta yote.

Miaka hiyo filamu za Bongo zilikuwa zinapelekwa kwa msambazaji Kariakoo, zinatoka kwenye DVD, na hadithi moja hukatwa vipande viwili ili mteja anunue mara mbili. Kwa hiyo kila mwandishi alijua sehemu ya kwanza lazima iishie pabaya. Yetu ilikuwa komedi ya familia: baba bahili anajifanya amekufa ili ajue mtoto gani anampenda na mdai gani atamsamehe deni. Sehemu ya kwanza inaishia msibani. Nafasi ya baba iliandikwa kwa kumfikiria King Majuto, maana enzi zile kila mwenye komedi alianza kwa kumfikiria yeye. Bajeti iliposomwa, akatafutwa mwingine aliyekaribiana naye kitambi.

Nyumba tulikodi Mbagala kwa mzee mmoja mstaafu wa bandarini. Asubuhi alihesabu hela yake, akavaa kanzu, akasema anakwenda Kariakoo kununua bati na hatarudi mpaka tumalize, kwani kelele za wasanii zinampandisha presha. Vibali vyote tulikuwa navyo. Cha Bodi ya Filamu kilikuwepo, barua ya serikali ya mtaa ilikuwepo, na mjumbe alikuwa ameambiwa. Ila aliambiwa Jumamosi. Mcheza baba alipopata mwaliko wa kushereheshea harusi Jumamosi hiyohiyo, kazi ikarudishwa Ijumaa, na mjumbe hakuna aliyemkumbuka.

Sasa jiweke mahali pa jirani. Unatoka dukani kununua sukari, unaona kwa mzee linafungwa turubai. Viti vya plastiki vinashushwa kwenye kirikuu. Majamvi yanatandikwa barazani, masufuria yanapelekwa uani, na mzee mwenyewe haonekani. Unampigia simu, haipatikani. Halafu ndani anaanza kulia mama mmoja wa kundi la sanaa tuliyemkodi kwa kazi hiyo tu. Yule mama akilia "Baba umeniacha na nani!" hata mimi niliyeisoma skripti nilikuwa nataka kujua ameachwa na nani.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza mkaa. Alikaa kwenye kiti, akashika tama. Nikataka kumwambia, lakini dairekta alikuwa ameshasema eksheni, na maiki iliyofungwa kwenye mti wa fagio ilikuwa juu ya kichwa changu. Huwezi kuzungumza. Akaja wa pili, wa tano, wa kumi. Teki ilipokwisha nikamwendea dairekta nikamwambia, "Bosi, hawa watu siyo wetu." Akawatazama kwa macho ya mtu aliyeletewa zawadi. Watu wa kukaa msibani tulikuwa tunawalipa elfu tano kila mmoja na sahani ya wali. "Usiwaguse," akasema. "Unawaona walivyo na huzuni ya asili?"

Nikarudi mezani. Na pale ndipo muuza mkaa aliponifuata, akanong'ona, "Mwanangu, niandike," akaniwekea noti ya elfu tano juu ya daftari.

Mtu aliyekaa msibani kwenye meza, ana kalamu, ana kaunta buku, atakuwa nani mwingine? Maiki ipo juu, kamera inazunguka, foleni imeshajipanga. Niliandika. Daftari lile lilikuwa linasomeka hivi: sini ya 31, teki ya 2, kanga ya mama begani kulia, Muuza Mkaa 5,000. Sini ya 31, teki ya 3, kikombe mkono wa kushoto, Mama Chapati 2,000 na kilo ya mchele.

Huenda mambo yangeishia kwenye mchele kama isingekuwa Ijumaa. Swala ilipokwisha msikiti mzima ukaja. Mbele wazee, katikati mjumbe mwenyewe analia kwa uchungu, nyuma vijana na jeneza begani. Mzee mmoja akaniinamia: "Tunazika alasiri. Vijana wameshaanza kuchimba. Maiti ameoshwa?"

Nikajibu kweli tupu: "Amepakwa poda."

Ndani, mcheza baba alikuwa kitandani kafunikwa shuka tangu asubuhi, na feni ile na ubwabwa ule alioshiba, alishalala usingizi wa haki. Wazee wakaingia, wakasoma dua, mmoja akafunua uso. Kimya. Kisha nikamsikia mjumbe anapiga kelele: "Siyo yeye! Hospitali wamewabadilishia maiti!"

Kelele zile zikamwamsha. Akaketi. Mbele yake akamwona mzee wa ndevu nyeupe, na kwa malezi mazuri aliyopewa na wazazi wake akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia mzee, halafu ndipo akakumbuka kukimbia.

Sijui nani alipita mlangoni na nani alipita dirishani. Turubai lilikuja chini na sisi tulio chini yake. Kameramani, mtu anayejisifu kwamba haachi shoti, aliiacha shoti, akaiacha na kamera. Ikaendelea kurekodi yenyewe pale sakafuni, na ndiyo sababu sehemu ya kwanza inaishia kwa picha ndefu ya miguu na kobazi, ambayo watu waliisifu sana kwa ubunifu.

Mzee akarudi na guta la bati katikati ya maelezo. Wapo waliokimbia mara ya pili. Alipokwisha kueleweshwa hakuuliza habari za turubai wala za kitasa kilichong'oka. Aliuliza, "Daftari liko wapi?" Akavaa miwani, akaketi kwenye kiti changu, akaanza kusoma kwa kidole.

"Huyu binti yake nilimsimamia harusi. Elfu mbili?" Akageuza ukurasa. "Huyu amekula kwangu Idi zote. Hayumo kabisa." Akafika kwenye elfu ishirini ya jirani wa nyuma, waliyenuniana miaka kwa ajili ya mpaka wa choo. Akanyamaza muda. "Anautaka ule mpaka," akasema.

Ikaamuliwa kila mtu arudishiwe chake. Nikaanza kuita majina. Muuza mkaa akakataa kunyoosha mkono.

"Iache hapohapo," akasema. "Kwani hatakufa? Siku hiyo nisisumbuliwe."

Na wengine wakaona ni maneno ya busara. Mzee mwenyewe hakukasirika, aliniambia niandike pembeni "imepokelewa," na yule wa elfu mbili akashauriwa aongeze maadamu bado kuna nafasi. Mama Chapati peke yake ndiye aliyedai mchele wake, na mchele ulikuwa umeshaliwa na wapiga picha.

Daftari hakulirudisha, akaenda nalo chumbani. Filamu ikafika kwa mhariri bila hata mstari mmoja wa kontinyuiti, na ndiyo maana baba anaingia na kofia, anaketi bila kofia, anakufa na kofia. Mhariri alinipigia simu kuuliza teki ipi ya kikombe ndiyo nzuri. Nikampa namba ya mzee. Alimpigia kweli.

"Kikombe sikioni," mzee akamjibu, "na wewe mwenyewe jina lako silioni."