Dinari Mbili za Msamaria na Dirisha la Malipo

Miaka michache iliyopita nilimuuguza ndugu yangu katika hospitali moja ya misheni, ambayo sitaitaja jina. Katika wodi ya jirani alikuwamo mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye daktari alikuwa amemruhusu tangu siku nne nyuma, lakini bado alilala kwenye mkeka ukumbini kwa sababu bili yake ilikuwa haijalipwa. Kila asubuhi sala ya wafanyakazi ilisikika kutoka kanisa dogo lililo mkabala na dirisha la malipo, na wimbo wa mwisho ulipokwisha, mama yule alijifunga khanga yake vizuri, akambeba mwanawe, akaenda pale dirishani kuuliza kama mumewe ametuma chochote. Sikumuuliza dini yake, ingawa kwa jina la mtoto nilitambua kuwa ni Mwislamu.

Sisimulii haya kwa kuichukia misheni. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho, kusini mwa Tanzania, mwaka 1898, Wanorwe wakaanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955, na katika sehemu nyingi za nchi yetu mgonjwa alipata kitanda cha misheni kabla ya kupata barabara ya Serikali. Serikali yenyewe ililitambua hilo, ndiyo maana baadhi ya hospitali za makanisa zikawa Hospitali Teule za Wilaya, yaani zikatumika kama hospitali za wilaya, na mwaka 1992 pande hizo mbili zikatiliana saini hati ya makubaliano, mwaka uleule ambao makanisa yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Mwalimu Nyerere, ambaye Serikali yake ilizitwaa shule za misheni, ikiwamo ile ya Pugu alikofundisha mwenyewe, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowatia watu katika umaskini na unyonge, litakuwa halina maana tena kwa binadamu. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa karibu kila siku, kwa hiyo maneno hayo hayakuwa ya mtu aliyesimama nje ya mlango.

Hata hivyo, mhasibu wa hospitali ile naye simlaumu. Glavu hununuliwa, oksijeni hununuliwa, jenereta hailipwi kwa zaburi, na marafiki wa Ulaya waliokuwa wakiziba mapengo wamezeeka au wamegeukia mambo mengine. Serikali hulipa mishahara ya baadhi ya watumishi. Waliobaki hutegemea kile kinachoingia dirishani. Ukimwamuru mhasibu amsamehe kila asiye na uwezo, baada ya muda si mrefu hata mwenye uwezo hatapata dripu.

Kosa, kwa maoni yangu, liko kwetu sisi waumini, na limejificha ndani ya mfano wa Yesu tunaoupenda kupita kiasi, ule wa Msamaria aliyemsaidia majeruhi njiani baada ya kuhani na Mlawi kumpita upande wa pili. Shirika la Msamaria Mwema ndilo lililoijenga hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na jina hilo tunalitamka kwa urahisi mno. Katika mahubiri mengi niliyosikia, Msamaria humwaga mafuta na divai, humfunga jeraha majeruhi, humpandisha juu ya mnyama wake, kisha mhubiri hufunga Biblia. Lakini Luka anaendelea hadi kwenye bili. Msamaria alitoa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama itakayozidi ataifidia atakaporudi. Hakumtaka amtunze yule mtu bure kwa jina la Mungu. Hospitali zetu ndizo ile nyumba ya wageni. Nafasi ya mwenye dinari iko wazi, nasi tunapita upande wa pili tukiwa na kwaya.

Wapo watakaosema kuwa kazi hiyo ni ya Serikali, na kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imewafikiria wasiojiweza. Naitakia sheria hiyo heri. Lakini usharika unaoweza kuchangisha kinanda kipya na gari la mchungaji ndani ya mwaka mmoja hauwezi kushindwa kuwalipia bima majirani kumi, Wakristo na wasio Wakristo, au kuweka fungu dogo pale dirishani ambalo mhasibu ataligusa bila kuandika barua kwa askofu.

Ndugu yangu aliporuhusiwa, mama yule alikuwa bado yupo. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulifanya mnada wetu wa kawaida wa mazao ya sadaka. Jogoo mmoja alinadiwa mara nne, kila aliyemnunua akimrudisha mezani anadiwe tena, watu wakipiga vigelegele, kwa ajili ya vigae vya madhabahuni. Mnunuzi wa pili nilikuwa mimi.